Mazoezi: niliyoyaamini kabla ya kuwa kocha Kigoma, na ukweli nilioukuta

Nilianza kufundisha mazoezi Mwanga miaka 14 iliyopita, nikiwa na vyuma viwili vya zege: bomba la maji, na kila upande kopo la rangi lililojazwa saruji. Uwanja wetu ulikuwa boma la nyumba ambayo mwenyewe hadi leo hajaipaua. Nilidhani kazi ya kocha ni kuhesabu kwa sauti na kuwaongezea watu pale wanapochoka. Mengi niliyowaambia miaka ile nilikuwa nimeyaokota mtaani, na niliyasema kwa uhakika mkubwa. Nimeyaacha moja baada ya jingine, na karibu kila moja nimeachishwa na mtu niliyekuwa namfundisha.

Dhana: Piga mazoezi ya tumbo, kitambi kitakatika

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Ukweli ni kwamba misuli ya tumbo itaimarika, lakini mafuta yaliyo juu yake hayajui kwamba umelala chini unahangaika. Mwili unapohitaji nguvu huchota mafuta kutoka sehemu nyingi na kuyasafirisha kwa damu. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwapima wachezaji wa tenisi. Mkono wanaopigia mpira ulikuwa na misuli mikubwa zaidi, lakini mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa sawa mikono yote miwili.

Kitambi kinapungua mwili mzima unapopungua, na hapo chakula kinahusika sana. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Mawese yetu nayapenda na sitamkataza mtu, ila yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe tu kutoka kwenye chupa.

Dhana: Jasho jingi ni mafuta yanayoyeyuka

Utawaona vijana wanapanda mlima wa Lumumba kutoka stesheni hadi Mwanga, jua la saa saba, wamevaa koti la mvua juu ya sweta. Jasho ni maji na chumvi, na kazi yake ni kuupoza mwili. Ukitoka jasho lita moja, mzani utasoma kilo moja pungufu, na ukinywa lita moja ya maji kilo ile inarudi. Jasho likizuiwa kukauka mwili haupoi, na joto la ndani likipanda kupita kiasi linaua. Vueni hayo makoti, wadogo zangu. Nawaomba.

Dhana: Umri ukishaenda, nguvu hazirudi

Mzee mmoja wa Ujiji, mstaafu wa reli, aliletwa na mjukuu wake kwa bodaboda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kimya muda mrefu akiangalia vile vyuma. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi sitaki misuli. Nataka kuswali chini."

Kwa miaka miwili alikuwa akiswali kwenye kiti. Akishasujudu hawezi kuinuka bila kushikwa mkono, na kushikwa mkono kama mtoto mbele ya watu aliowahi kuwa msimamizi wao kulimuumiza kuliko magoti yenyewe. Nami moyoni nilikuwa nimeshamhukumu: huu ni umri, nitamfanyisha kidogo ili asijisikie vibaya.

Presha ikapimwa, daktari akaturuhusu. Tukaanza na kiti chenye mito miwili. Asimame bila kushika popote, mara tano, apumzike, mara tano tena, siku tatu kwa wiki. Siku ya kwanza alifika mara tatu, miguu ikamtetemeka, akakaa kwa kishindo. Wiki ya tatu tukatoa mto mmoja. Baadaye tukatoa wa pili, baadaye kiti kikapisha kigoda cha jikoni. Alikuwa anahesabu kwa Kiha, chini chini, na nilijifunza kutomkatiza. Mwezi wa nne nikatandika mkeka. Akapiga magoti, akaweka mguu mmoja mbele, viganja viwili juu ya paja, akasukuma. Akasimama. Hakusema neno. Akarudi chini akasimama tena, kama mtu anayehakikisha kwamba mara ya kwanza haikuwa bahati.

Misuli hupungua kweli kuanzia miaka ya 30 na kuendelea, hasa isipotumika, lakini haiachi kuitikia ikiitwa. Mwaka 1990, Boston nchini Marekani, Maria Fiatarone na wenzake waliwanyanyulisha uzito kwa miguu wazee dhaifu 10 wenye umri wa miaka 90 hivi. Tisa walimaliza wiki 8, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Tangu mzee yule, mtu akija simuulizi anataka kupunguza kilo ngapi. Namuuliza anataka mwili wake umfanyie nini. Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi alinijibu kwamba anataka kunyanyua ndoo zake bila mgongo kumuuma, ila akaonya: "Kocha, nisije nikawa baunsa." Nilimtoa hofu. Homoni inayokuza misuli ya wanaume, testosteroni, kwa wanawake ni kidogo mno. Anabeba vyuma hadi leo, na ndoo anainyanyua kwa mapaja.

Dhana: Bila jimu hakuna mazoezi

Mwaka 1953 Jerry Morris alichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa siku nzima, makonda walipanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Makonda ndio waliopata ugonjwa wa moyo kwa uchache. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili, na tangu 2020 hata vipande vidogo vya dakika chache vinahesabiwa. Kushuka daladala kituo kimoja kabla ni kipande.

Dhana: Anayeacha mazoezi ni mvivu

Hii niliishikilia kwa muda mrefu kuliko zote. Niliwaambia watu kwamba siku 21 zinatosha kujenga mazoea, na aliyeshindwa siku 21 hana nia ya kweli. Phillippa Lally na wenzake wa London walipofuatilia watu kweli, mwaka 2010 wakatoa majibu tofauti: wastani siku 66, mwingine 18, mwingine hadi 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, dada mpole, alikuja wiki mbili. Siku moja nikampandisha kwenye mzani mbele ya wenzake, nikaisoma namba kwa sauti. Nilidhani nampa ari. Hakuja tena, nami nikamtaja kwa wengine kama mfano wa uvivu.

Baada ya mwaka na kitu nikakutana naye soko la Mwanga. Nikamuuliza kwa nini alituacha. Akasema: "Kocha, baada ya siku ile niliendelea kuamka saa kumi na moja kila siku. Nilikuwa navaa raba, nakuja hadi kwenye kona ya boma lenu. Nikisikia mnacheka, narudi nyumbani." Alifanya hivyo karibu mwezi mzima.

Nilimwomba radhi palepale, katikati ya mafungu ya migebuka. Sikumwambia arudi. Jumatatu nilimkuta amefika kabla yangu, amekaa juu ya tofali, anafunga kamba za raba. Mzani niliupeleka chumba cha nyuma nikaufunika gunia, na anayetaka kujipima anaingia peke yake.