Kukesha kama tiba ya sonona: maswali na majibu

Mtu mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, tayari usingizi unamsumbua. Iweje umkeshe ndipo apate nafuu?

Ukilisikia mara ya kwanza lazima ugune. Sote tunajua asiyelala huamka na kisirani. Lakini baadhi ya wagonjwa wa sonona wakikeshwa usiku mzima, tena kwa makusudi, hadi asubuhi hali imebadilika. Mtu ambaye kwa wiki kadhaa hakugusa chakula wala kuinua uso, alfajiri anauliza kama kuna chai. Dawa za kawaida za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Hapa tunahesabu saa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti zaidi ya 60, ulikuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa hupata nafuu.

Jambo hili lilianzia wapi?

Ujerumani, mji wa Tübingen. Madaktari walisikia kisa cha mgonjwa aliyekuwa akiendesha baiskeli usiku kucha ili kuitua sonona. Burkhard Pflug na Rainer Tölle wakaamua kulipima, na mwaka 1971 wakachapisha matokeo.

Kichwani kunatokea nini?

Kadiri unavyokaa macho, ubongo hulimbikiza kemikali iitwayo adenosini, ileile ambayo kahawa huizuia isitufanye tusinzie. Inadhaniwa mlimbikizo huo, pamoja na mabadiliko ya serotonini na dopamini, kemikali za ubongo zinazogusa hisia, huamsha sehemu zilizokuwa zimelala doro. Pia kuna saa ya mwili, ambayo kwa wenye sonona mara nyingi huenda kombo. Ndiyo maana wengine asubuhi hawawezi hata kuoga, lakini jioni wanachangamka kidogo. Hao ndio mara nyingi kukesha huwafaa zaidi.

Basi mbona haitumiki kila mahali?

Kwa sababu usingizi huja kuichukua nafuu yake. Kwa wasiotumia dawa, zaidi ya wanane katika kila kumi hurudi walikokuwa mara tu wakilala usiku unaofuata. Wakati mwingine hata kujiegesha dakika chache mchana kunatosha kuharibu kila kitu. Kumkesha mtu nako ni kazi: karata, matembezi ukumbini, soga zisizo na kichwa wala miguu, na ikifika saa tisa usiku kope zinagoma kabisa.

Katika Hospitali ya San Raffaele, mjini Milan, Italia, timu ya Francesco Benedetti ilitafuta njia ya kuifunga nafuu hiyo isitoroke. Mgonjwa hukaa macho saa 36, analala usiku mmoja, kisha anarudia, hadi mizunguko mitatu ndani ya wiki moja. Hapo huongezwa mwanga mkali wa taa maalumu na lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zisipande na kushuka. Kwa maoni yangu, huu mchanganyiko ndio tiba yenyewe; kukesha peke yake ni kama kuwasha njiti ya kiberiti penye upepo.

Naweza kujaribu nyumbani?

Hapana. Mwenye bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anaweza kurushwa kutoka huzuni hadi wazimu wa furaha: akisema hanyamazi, anagawa pesa, halali tena. Mwenye kifafa anaweza kuanguka. Na asiye na lolote kati ya hayo, akiendesha bodaboda asubuhi baada ya mkesha, anajihatarisha yeye na abiria wake.

Mimi wiki ya tatu sasa silali. Mbona sioni nafuu?

Kwa sababu huo si mkesha, ni usingizi uliokatikakatika. Unalala saa nne usiku, unashtuka saa nane, unageukageuka, unapitiwa, unashtuka tena. Tiba inataka uwe macho kabisa, wima, na mtu pembeni yako. Kukosa usingizi kwa namna yako ni dalili ya ugonjwa, na daktari anatakiwa aisikie hivyohivyo ulivyoieleza: saa unayolala, saa unayoamka, mawazo gani yanakujia saa hiyo. Kama mojawapo ni la kujiua, usisubiri siku ya kliniki. Mwamshe mtu hapo nyumbani, akupeleke hospitali usiku huohuo.