Mchicha una wadudu, nitupe au nipike?

Haya ni maswali ambayo naulizwa sana na kina mama wa mtaani kwetu huku Tabata tukikutana gengeni, nimeona niyajibu yote kwa pamoja.

Nimefungua fungu la chainizi nimekuta vidudu vidogo vya kijani vimejazana chini ya jani, nikila vitanidhuru?

Hao ni vidukari, wengine wanaita wadudu mafuta. Wananyonya utomvu wa jani, wanaacha majimaji ya kunata ndo maana unakuta na sisimizi wanazunguka hapohapo. Kiangazi wanakuwa wengi, masika ndo unakutana zaidi na viwavi na konokono. Ukimpika kwa bahati mbaya kidukari mmoja wawili hupati ugonjwa, inakera tu. Jani lililotobolewa na kiwavi nalo halina sumu, kata pale palipooza, kinachobaki pika. Ila jani lenye vinyesi vyeusi vya kiwavi vingi au limeshaanza kuteleza, hilo tupa.

Kwa hiyo naosha vipi watoke?

Kwanza fungua fungu lote, toa kamba, chambua jani moja moja, usiloweke fungu likiwa limefungwa maana katikati maji hayafiki. Af weka maji kwenye beseni, chumvi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, loweka dakika 10 hadi 15, wadudu wanaachia wanaelea juu au wanazama chini na mchanga. Hapa wengi mnakosea, mnamwaga maji mboga ikiwa bado ndani, uchafu wote unarudi kwenye majani. Inua mboga kwa mikono, weka kwenye chujio, ndo umwage maji. Suuza mara mbili tatu kwa maji safi ukisugua upande wa chini wa jani kwa vidole. Na uoshe kabla hujakatakata, ukishakata vitamini C inatoka na maji na uchafu unaingia pale ulipokata.

Chumvi inaua na vijidudu vya kipindupindu?

Hapana jamani, hapa naomba tuelewane vizuri. Chumvi inamwachisha mdudu tu. Vijidudu vya kipindupindu na taifodi vinakufa kwa moto, mboga ichemke kweli. Ndo maana mimi wasiwasi wangu hauko kwa mdudu ninayemwona, uko kwenye maji yaliyomwagilia. Mto Msimbazi, huu unaopita hapa Dar, unapokea maji taka ya majumbani na ya viwandani, na mabondeni kule kuna bustani. Kabichi ya kachumbari ambayo haiguswi na moto ndo ya kuogopa zaidi, toa majani ya nje, iliyobaki achanisha jani jani uoshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na kipindi cha mlipuko wa kipindupindu acha kabisa kachumbari ya barabarani.

Nikiosha na sabuni ya unga je? Au nipulizie kidogo ile dawa ya mbu wafe?

Usithubutu. Sabuni inabaki kwenye majani unaila, na dawa ya kupuliza wadudu ndani ya nyumba haikutengenezwa iguse chakula. Mtoto akila akaanza kutapika, mate na jasho vinamtoka kwa wingi, au anatetemeka, wahi naye hospitali na kopo la dawa mkononi waone ni kitu gani.

Basi mboga isiyo na tobo hata moja ndo salama?

Si lazima. Inawezekana imepigwa dawa jana jioni na leo asubuhi iko sokoni, wakati kila dawa ya shambani kwenye lebo yake imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kuosha kunapunguza iliyo juu ya jani, iliyoingia ndani haitoki, na madini mazito kama risasi (lead), yale yanayokuja na maji ya viwandani, moto hauyaharibu hata uchemshe vipi. Kwa hiyo mzoee muuzaji mmoja, muulize mboga inatoka bustani ipi, inamwagiliwa maji gani, imepuliziwa lini. Mimi wangu mwanzoni alinuna, sasa hivi nikifika tu ananiambia mwenyewe dada leo chukua tembele, mchicha usiuguse.