Usonji na kutafuta kazi Lubumbashi: tunayoambiwa na yaliyo kweli

"Asiyekuangalia machoni hajiamini."

Kauli hii ndiyo iliyomuumiza zaidi mdogo wangu, mwenye usonji (autisme), yaani ubongo wake hupokea sauti, macho na maneno ya watu kwa namna tofauti na wengi. Kwetu Katuba, kijana anayeinamisha macho mbele ya mzee husifiwa kwa adabu. Akifika ofisini kuomba kazi, macho yaleyale yanaonekana kama ya mtu anayeficha jambo. Kwa watu wengi wenye usonji, kumkazia mtu macho kunakula nguvu ambayo wangeitumia kusikiliza swali. Siku hizi mdogo wangu humwambia mwajiri mapema: "Papa, nikiangalia chini ndipo ninasikia vizuri." Ameizoea sentensi hiyo mpaka inatoka bila shida.

"Ujasiri unakuja kwa kujikaza."

Miezi mingi nilimwambia ajikaze, na nilikosea. Kuificha hali yako kutwa nzima, kuiga sauti na kicheko cha wengine, kunachosha mno, na wengi huishia kwenye huzuni na wasiwasi. Kilichomsaidia ni mazoezi. Tuliweka viti viwili chini ya mwembe, hapohapo kwenye lupango, mimi nikawa mwajiri. "Tueleze juu yako," nikasema. Akanyamaza, kisha akauliza: "Nianzie mwaka gani?" Nikabadili: "Dukani kwa mjomba, asubuhi ulikuwa unafanya nini?" Hapo alisema bila kusita: alivyopanga vipuri kwa namba, alivyogundua filta nne zilizoandikwa mara mbili. Daftari la duka bado analo. Hulibeba kila anapokwenda kuomba kazi, na wasiwasi ukimshika hulifungua, anaonyesha kwa kidole.

Tulijifunza pia kuuliza kabla ya siku yenyewe: watakuwepo watu wangapi, watauliza nini, itachukua muda gani? Tunaomba chumba kilicho mbali na jenereta. Wapo wanaokataa, wapo wanaokubali papo hapo.

"Lazima aseme ana usonji," au "asithubutu kusema."

Uamuzi ni wake mwenyewe. Chumba chenye utulivu kinaweza kuombwa bila kutaja usonji. Ila ajue kwamba tangu tarehe 3 Mei 2022 Kongo ina sheria inayolinda haki za watu wenye ulemavu.

"Wote ni mabingwa wa hesabu."

Hapana. Wako wachache, na kumtarajia kila mtu hivyo ni kumwongezea mzigo.

"Ni mambo ya watoto."

Wengine hata husema ni uchawi. Mtu huzaliwa na usonji, anakua nao, anazeeka nao. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11, na wa kwanza kati yao alikuwa Donald Triplett wa Mississippi, Marekani. Mtoto huyo alikua, akafanya kazi benki miaka 65, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Benki ile ilikuwa na mkono wa familia yake, na mimi sioni aibu kulitaja hilo: hata hapa Lubumbashi kazi nyingi hupitia kwa ndugu. Ikiwa wewe ni mjomba mwenye duka, mpe kijana wako daftari, na umlipe.

Jumatatu mdogo wangu ana miadi upande wa barabara ya Kipushi. Tumeshakwenda huko mara mbili kwa basi, akauona mlango, akamsalimia mlinzi, na saa ya kutoka nyumbani ameiandika kwenye kifuniko cha daftari.