Mwizi wa farasi katika ofisi ya Rais: namna ya kusoma mchoro wa jarida

Kuanzia mwaka 2001 hadi 2009, wageni walioingia ofisi ya Rais wa Marekani waliukuta ukutani mchoro wa rangi za mafuta wa mtu aliyepanda farasi. Ameinama mbele, amemkaza mnyama wake apande kilima kikali kisicho na njia ya maana, na nyuma yake wapanda farasi wengine wanakuja mbio. Mwenye ofisi, George W. Bush, alikuwa nao tangu alipokuwa gavana wa Texas. Marafiki zake walimwazima kwa sababu jina la mchoro, A Charge to Keep (yaani wajibu wa kutunza), ni maneno yaleyale ya wimbo wa dini wa mwaka 1762 wa Charles Wesley, mmoja wa waanzilishi wa Umethodisti, ambao Bush aliupenda. Wamethodisti wa Meru na Pwani ya Kenya hawahitaji kuelezwa Wesley ni nani. Aprili 1995 gavana huyo aliwaandikia wafanyakazi wake waraka akiwaalika waje wautazame, akisema yule anayepanda njia ngumu kwa ari ndio wao wenyewe. Mwaka 1999 akakipa kitabu cha maisha yake jina hilohilo. Baadaye alikuwa akiwasimulia watu kwamba mpanda farasi ni mhubiri wa Kimethodisti anayesambaza Injili nyikani.

Mchoraji, W.H.D. Koerner, alikuwa amemchora mwizi.

Mwaka 1916 jarida la The Saturday Evening Post lilichapa hadithi ya William J. Neidig iitwayo The Slipper Tongue. Inamhusu tapeli mwenye ulimi mtamu anayeiba farasi, kisha anakimbizwa na watu waliokusudia kujichukulia sheria mkononi katika vilima vya mchanga vya Nebraska. Maelezo yaliyochapwa chini ya picha yalisema kwamba lau angewahi kuondoka kwa dakika 15 zaidi asingekamatwa. Kwa hiyo wale walio nyuma wamekuja kumnyonga. Si waumini wanaomfuata mchungaji wao.

Ni rahisi kucheka, na waliocheka ni wengi. Sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi michoro tunaona jambo jingine, na ndilo linalofaa kuelezwa kwa umma. Mchoro wa jarida hutengenezwa uwe nusu ya kitu kimoja. Nusu ya pili ni hadithi. Mchoraji anapewa maandishi, anachagua tukio moja lenye joto, na anajua msomaji atapata sababu, majina na mwisho kwenye safu za maneno zilizo kando. Hana haja ya kuonyesha nani ana hatia. Ukiutoa mchoro huo kwenye ukurasa ukautia fremu, kinachobaki ni mtu, farasi na kilima, na kila mwenye macho atajaza anachotaka.

Tena wa kwanza kuubadilisha maana hakuwa mwanasiasa. Mwaka 1917 Saturday Evening Post lenyewe liliutumia tena mchoro uleule kwa hadithi nyingine, Ways That Are Dark. Mwaka 1918 ukatokea mara ya tatu, safari hii kwenye jarida la The Country Gentleman, pamoja na hadithi ya Ben Ames Williams kuhusu kijana aliyerithi msitu kwa baba yake na anayepaswa kuulinda dhidi ya matajiri wa mbao. Hadithi hiyo ya tatu ndiyo iliyoitwa A Charge to Keep. Ndani ya miaka miwili mwizi alikuwa ameshakuwa kijana mwaminifu, wala hakuongezewa hata mpako mmoja wa brashi. Majarida yote mawili yalikuwa ya kampuni moja, Curtis ya Philadelphia, na mchoro uliokwisha kulipiwa ni mali. Kwa nini ukae stoo? Jina lililodumu ni la matumizi ya mwisho. Bush alisoma jina, na jina kweli halikumwambia habari ya mwizi.

Kwa nini basi kampuni ilipe kazi nzito ya rangi za mafuta kwa ajili ya gazeti la senti 5? Jibu liko kiwandani. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 wachapaji waliweza kupiga picha mchoro wowote kupitia kioo chenye mistari myembamba iliyopishana, na kioo hicho kiliuvunja katika maelfu ya nukta ndogo na kubwa ambazo wino mweusi unaweza kuzibeba. Kabla ya hapo fundi alilazimika kuchonga picha upya kwenye ubao, na mkono wa mchoraji ulipotea njiani. Sasa turubai kubwa, yaani kitambaa kilichochorwa, iliweza kupunguzwa hadi upana wa ukurasa na bado ikatambulika. Ila nukta zina kasoro yake: zinameza tofauti ndogo za kivuli. Ndiyo maana wachoraji wa majarida walitenganisha mwanga na giza kwa nguvu, wakaweka umbo moja kubwa katikati, na wengi wao walichora kurasa za ndani kwa nyeusi, nyeupe na kijivu tupu, kwa kuwa rangi isingefika kwa msomaji.

Koerner aliijua kazi hiyo vizuri. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1878, akakulia Clinton, Iowa, akachora kwenye gazeti la Chicago Tribune, kisha akaenda Wilmington, Delaware, kwa mwalimu Howard Pyle. Pyle aliwataka wanafunzi wake waingie ndani ya tukio wanalolichora, wahisi upepo na hofu yake, na mwanafunzi mwingine wa hapo, N.C. Wyeth, alilichukua neno hilo kwa uzito hadi mwaka 1904 akaenda Colorado kufanya kazi na makauboi. Kwa maoni yangu mafunzo hayo ndiyo yaliyompa Bush picha aliyoipenda. Mtu anayekimbia kifo na mtu anayekimbilia wito huinama vivyo hivyo juu ya shingo ya farasi, na Koerner aliuchora mwili huo kwa ukweli kiasi kwamba hukumu haikupata nafasi. Studio yake iliwahi kujengwa upya ndani ya makumbusho ya Buffalo Bill Center of the West, mjini Cody, Wyoming.

Ukiletewa mchoro wa namna hii, ugeuze kabla ya kuusifia. Nyuma ya turubai na kwenye mbao zinazoikaza ndiko zinakokaa habari: muhuri wa kampuni, kibandiko cha karatasi, tarehe, jina la hadithi. Pembezoni mwa upande wa mbele mara nyingine kuna alama za penseli zinazomwambia mchapaji akate wapi na apunguze kwa kipimo gani. Fremu mpya huzifunika, na fundi mwenye bidii huzifuta akidhani ni uchafu. Ukiona sehemu tupu juu kabisa, anga lisilo na kitu, huenda mchoro ulikusudiwa jalada na nafasi hiyo iliachiwa jina la jarida. Saini haitoshi. Kinachotafutwa ni ukurasa wenyewe uliochapwa, na ukishaupata mmoja usiache kutafuta, maana huenda kuna wa pili na wa tatu, kila mmoja na hadithi yake.

Kwa aliye na mchoro wa aina hii nyumbani: usibandue karatasi ya nyuma hata kama imechakaa, usibadilishe mbao za turubai kabla hazijapigwa picha pande zote, na ukikuta kipande cha gazeti kimekunjwa ndani ya fremu, kihifadhi kwenye bahasha pamoja na mchoro.