Tangi la samaki halihitaji jua la dirishani

Wengi huweka tangi la samaki wa mapambo dirishani wakiamini samaki wanahitaji jua. Sivyo. Jua la moja kwa moja huotesha mwani, kioo kikawa kijani. Baya zaidi ni joto: maji yakipata moto hubeba oksijeni kidogo, ilhali samaki ndipo wanapoihitaji zaidi. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, tangi dogo la dirishani ni mateso matupu. Ukiwaona wanahemea juu ya maji mchana, punguza maji ili tangi liwe jepesi kubeba, kisha lihamishie kwenye ukuta wenye kivuli. Taa ya umeme kwa saa 8 kila siku inaitosha hata mimea. Meza iwe imara: lita 100 za maji ni kilo 100, bado kioo na changarawe.