Kikande "salama kwa matumbawe" maana yake nini?

Kwa wanaofuga samaki wa maji ya chumvi, samaki huitwa "salama kwa matumbawe" akiwa anaweza kukaa kwenye tangi lenye matumbawe hai bila kuyala wala kuyaharibu. Kwa samaki wengi maelezo hayo yanatosha. Kwa kikande, samaki ambaye kwa Kiingereza huitwa triggerfish, hayatoshi, kwa sababu tangi la namna hiyo halina matumbawe peke yake. Mna konokono wanaokwangua mwani kwenye kioo, kamba, kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa, na wengine wengi wanaosaidia kulisafisha. Kikande anaweza asiguse tumbawe hata moja, na bado akawamaliza hao wote.

Kwa hiyo yapo maswali mawili, na muuzaji kwa kawaida hujibu moja tu. Je, samaki huyu atayauma matumbawe? Na je, atawala wanaoishi pamoja nayo? Vikande wengi hushindwa kwenye swali la pili.

Sababu iko mdomoni. Familia yao, Balistidae, ina spishi zipatazo 40, na nyingi zimeumbwa kuvunja vitu vigumu: taya fupi zenye nguvu, meno makali kama patasi, na macho yaliyokaa juu na nyuma kabisa, mbali na miiba ya windo. Baharini, kikande akimkuta yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mwili mzima, humpulizia maji mpaka apinduke, kisha humshambulia upande wa chini ambako miiba ni mifupi. Mwenye ujuzi huo hashindwi na konokono wa tangini. Humnyakua, humtema, humgeuza, humnyakua tena, hadi mdomo wa kombe ukae sawasawa na meno. Hapo kazi imekwisha.

Wapo walioshika njia nyingine. Jenasi ya Xanthichthys, na kwa kiasi Melichthys na Odonus, hula zaidi planktoni, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea majini. Ukimtazama Xanthichthys kwa ubavu utaona mdomo wake umeelekea juu kidogo, tofauti na wale wanaochokonoa miamba. Mimi ningeanza na Xanthichthys auromarginatus, ambaye dume lake lina baka la buluu kooni. Hukua hadi sentimita 30 hivi, ni mpole kuliko jamaa zake, na kwa kawaida hana habari na matumbawe. Odonus niger anapendeza na huuzwa sana akiwa mdogo, ila hufika sentimita 50, na kamba aliyekuwa rafiki yake mwanzoni huenda baadaye akawa kitoweo.

Rhinecanthus aculeatus ni wa katikati: matumbawe yanaweza kupona, kaa na kamba hapana. Balistapus undulatus na Balistoides conspicillum hawafai kabisa, hata wawe wazuri namna gani wa rangi. Wanauma matumbawe, wenzao na wakati mwingine mkono wa mfugaji. Balistoides viridescens hufika sentimita 75, na huyo hata tangi la kawaida halimtoshi.

Madhara mengine hayahusiani na njaa. Kikande hupenda kupanga upya makazi yake. Hupuliza mchanga, nao hutua juu ya tumbawe na kulifunika. Huburuta vipande vya mawe, na tumbawe ambalo halikugundishwa vizuri huanguka. Waya za hita, kifaa cha kupasha maji joto, nazo huonjwa. Halafu kuna uchafu: ni mlaji mkubwa, na mlaji mkubwa hupandisha naitreti na fosfeti, kemikali zitokanazo na kinyesi na mabaki ya chakula, majini. Mwenye matumbawe magumu yanayodai maji safi asilipuuze hili, kwa sababu samaki asiyeuma chochote anaweza kuyadhoofisha kwa njia hiyo.

Hata ndani ya spishi moja tabia hutofautiana. Mmoja ataishi na kamba miaka, mwenzake atamla usiku wa kwanza. "Salama" hapa ni makadirio, si ahadi. Unachoweza kufanya ni kupunguza hatari. Tangi liwe kubwa, karibu lita 500 hata kwa wale wadogo, lenye kifuniko maana Xanthichthys huruka nje akishtuka. Mlishe kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku ili asishinde akitafuta. Usimtoe kwa wavu, kwa kuwa mwiba wa mgongoni hujifunga wima ukanasa kwenye nyuzi. Tumia chombo cha plastiki.

Na kamba watangulie. Kikande anayewakuta tayari wana mapango yao mara nyingi huwazoea. Kamba mpya anayedondoshwa majini mbele ya kikande aliyezoea kulishwa kutoka juu huliwa kabla hajagusa mchanga.