Kuzaliwa na uzito mdogo na sukari ya ukubwani, vinahusianaje?

Mtoto akizaliwa na chini ya kilo 2.5 anahesabiwa ana uzito pungufu, awe njiti au awe ametimiza miezi yake yote tumboni. Ndo kipimo cha Shirika la Afya Duniani na ndo hicho hicho anachotumia nesi wa zahanati ya kijijini kule Newala au Liwale, kusini mwa Tanzania. Na wako wengi, duniani ni kama mtoto mmoja kati ya saba. Sasa wengi wetu tukishaona mtoto amepona, ananyonya, ananenepa, tunaona yameisha. Mi nataka niongelee kinachokuja miaka arobaini baadae, maana huku kusini unamkuta mtu mwembamba, mkulima, jembe halimtoki mkononi, anaambiwa ana sukari na presha juu, na watu wanabaki wanaulizana huyu kapataje wakati hana hata kitambi.

Ni hivi. Mwili wa mtoto unajengwa tumboni kulingana na kinachomfikia kupitia kondo la nyuma. Kikija kidogo, mwili haukuzi kila kitu sawa sawa, unachagua, ubongo unapewa kwanza na viungo vingine vinapunguziwa. Kongosho linabaki na seli chache za kutengeneza insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu. Figo zinabaki na vichujio vichache, na hivi vichujio vinaisha kutengenezwa karibu na wiki ya 36 ya mimba, baada ya hapo hakuna vingine, hivyo hivyo ulivyopewa ndo vya maisha, na vikiwa vichache vinafanya kazi kwa nguvu kupita kiasi na hapo ndo presha inapopata njia. Misuli nayo inakuwa kidogo, na misuli ndo mlaji mkubwa wa sukari iliyoko kwenye damu.

Kwa hiyo metaboli ya huyo mtoto, yaani namna mwili wake unavyopokea chakula, kukichoma na kukiweka akiba, inakuwa imepangwa kwa ajili ya dunia yenye uhaba. Ni kama kaya iliyojibana kwa kutegemea mwaka wa njaa halafu korosho zikapanda bei: hela imekuja nyingi na hawana mpango nayo. Akikulia kwenye kula kidogo na kazi nyingi anaweza asipate shida yoyote. Akikutana na chakula kingi, hasa sukari na wanga, kongosho linazidiwa na ziada yote inaenda kuwa mafuta, tena mafuta ya ndani ya tumbo kuzunguka ini, ambayo kwa nje huyaoni.

Aliyeifanya dunia isikilize jambo hili ni daktari wa Uingereza, David Barker. Mwaka 1986 yeye na mwenzake Clive Osmond walionyesha kwamba sehemu za Uingereza na Wales ambazo vichanga walikufa sana miaka ya 1920 ndo hizo hizo ambazo watu wazima walikuja kufa sana kwa ugonjwa wa moyo miongo mingi baadae. Watu walishangaa kwa sababu moyo ulionekana ni ugonjwa wa wenye nacho. Halafu kule Hertfordshire yakapatikana madaftari ya wakunga, tangu mwaka 1911 walikuwa wanaandika uzito wa kila mtoto anapozaliwa na tena akifikisha mwaka mmoja. Timu ya Barker ikawatafuta wale watoto wakiwa wazee, wengine wakakutwa wameshafariki, na waliokuwa wadogo ndo waliokufa zaidi kwa moyo. Walio hai, wanaume wa kama miaka 64, wakapimwa sukari, na matokeo yakaenda njia ile ile. Mi huwa nawafikiria sana wale wakunga, wanaandika tu namba kwenye daftari bila kujua zitakuja kufundisha dunia nzima, na ndo maana naumia nikiona kadi ya kliniki ya mtoto imefungiwa bisi au pale kwenye uzito wa kuzaliwa pameachwa wazi.

Wapo waliosema labda ni kurithi tu. Kurithi kupo kweli, lakini angalia Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani walizuia chakula na mgao wa mtu ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, kuna wiki ulifika 400 mpaka 800. Wanawake wajawazito walikuwemo humo. Njaa ilikuja ghafla na ikaisha ghafla, kwa hiyo wanasayansi walijua kabisa ni nani alikumbwa akiwa na mimba ya miezi mingapi. Waliokumbwa tumboni mimba ikiwa imeshakua walizaliwa wadogo, na walipofika kama miaka 50 miili yao ilikuwa inashindwa kuidhibiti sukari vizuri. Ila waliokumbwa mimba ikiwa changa halafu chakula kikarudi walizaliwa na uzito wa kawaida tu, na bado baadae magonjwa ya moyo yakawapata zaidi. Hapo ndo pa kuelewa vizuri: uzito ni dalili tu, kinachohesabika ni nini kilimpata tumboni, na mtoto anaweza kuwa na kilo tatu lakini mama alipitia tabu miezi ya mwanzo.

Sasa tuje kwetu. Chukua sahani ya mjamzito mwezi Februari, hela ya korosho imeshaisha, mahindi mapya bado. Ugali wa makopa, kisamvu, nazi ikiwepo kimeungwa na isipokuwepo ni chumvi. Anashiba kabisa. Lakini muhogo karibu wote ni wanga, protini kiduchu, na ming'oko, ile mizizi ya kuchimba porini, nayo haina tofauti sana. Kisamvu kinasaidia ila peke yake hakitoshi kujenga mtoto. Na inauma kwa sababu mikoa hii ndo yenye korosho, ufuta, mbaazi, kunde, choroko na bahari juu yake, tunauza mpaka punje ya mwisho. Mume mwenye mjamzito ndani abakize debe la mbaazi, abakize korosho za kukaanga, dagaa wakavu wawepo. Yale ya kumkataza mjamzito mayai yaachwe, mama mkwe naomba unielewe hapo, yai halimdhuru mtoto. Na ndoo za maji mtu mwingine abebe.

Malaria nayo haitajwi inavyostahili. Vimelea vinajificha kwenye kondo la nyuma, mama anaweza asijisikie homa kabisa lakini chakula cha mtoto kinapita kwa tabu na damu ya mama inapungua, na mimba ya kwanza ndo inaumia zaidi. Ndo maana kliniki wanatoa SP, vidonge vya kukinga malaria, kuanzia miezi mitatu ya mwanzo ikishapita, angalau mara tatu, kila dozi ikipishana na nyingine mwezi mmoja au zaidi, pamoja na vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Mtu anayeanza kliniki mwezi wa saba ameshakosa sehemu kubwa ya hayo. Na tusimlaumu mama aliyezaa mtoto mdogo, mara nyingi alikuwa analima, ana malaria na anakula mwisho baada ya wote.

Mtoto akishazaliwa mdogo, kinachofuata kina uzito wake. Maziwa ya mama peke yake miezi sita, na akiwa mdogo sana akae kifuani ngozi kwa ngozi, ile wanaita kangaruu. Aongezeke, tena miaka miwili ya mwanzo anahitaji sana kuongezeka kwa ajili ya ubongo na kupona, sio kwamba anyimwe. Shida ni kule kumnenepesha baadae ili majirani waache kusema. Ufini waliwafuatilia watoto wakaona waliokuja kuumwa moyo ukubwani ni wale waliozaliwa wadogo, wakawa wembamba wakiwa na miaka 2, halafu wakaongezeka unene haraka mpaka miaka 11. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano uji wa lishe sawa, kunde sawa, samaki sawa, lakini soda kila siku msimu wa korosho na chai ya sukari vijiko vinne kwa maandazi asubuhi na jioni, hapo unalibebesha kongosho dogo kazi ya kongosho kubwa.

Wewe mtu mzima ambae hujui ulikuwa na kilo ngapi kwa sababu ulizaliwa nyumbani, muulize mama au shangazi, ulikuwa pacha? ulikuwa njiti? walikuogopa kukubeba? Jibu likiwa ndiyo haimaanishi lazima utaumwa, hatari imeongezeka tu, na inapungua ukitembea, ukifanya kazi za misuli na ukipunguza wanga na sukari. Wembamba usikudanganye, kule Pune India wamekuta watoto wanaozaliwa wadogo na wembamba lakini mafuta ya mwili wanayo mengi kuliko unavyotegemea. Pima presha, ikirudia kusoma 140/90 au zaidi ni presha ya juu. Pima sukari asubuhi kabla hujala kitu, ikisoma 7.0 (mmol/L) au zaidi na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo ni kisukari, na kati ya 6.1 na 6.9 ndo muda wa kubadilisha sahani. Na dada uliyezaliwa mdogo ukipata ujauzito liseme hilo siku ya kwanza kliniki, kwa sababu sukari ya mimba inakupata kirahisi zaidi, na hiyo nayo inamfanya mtoto azaliwe mkubwa kupita kiasi, halafu na yeye anakuwa kwenye hatari ya sukari akikua.